Albamu ya Familia Imegoma: Malalamiko ya Ndugu na Vyanzo Vyake

Jumapili usiku nilituma kurasa 22 za safari yetu ya Lushoto kwenye grupu la familia, nikachomeka simu chaji, nikalala nikijua kesho nitaamka nimemiminiwa pongezi. Nilimiminiwa kweli, ila si pongezi. Shangazi wa Muscat: haifunguki. Binamu wa Toronto: inaniambia niombe ruhusa. Mama mdogo: mbona uso wa bibi umekuwa chengachenga? Mjomba: nzuri sana, lakini kwa nini inaanza na kuagana halafu ndiyo tunafika? Kaka yangu, ambaye safari yenyewe hakwenda, akataka kujua Mombo imeitwa "Mambo" tangu lini.

Kosa la kwanza lilikuwa langu. Nilituma kwa njia tatu kwa mpigo, PDF, picha mojamoja na kiungo cha Google Drive, nikidhani nawarahisishia. Kumbe kila mtu alichukua njia yake na kukutana na shida yake. Kwenye kompyuta yangu kurasa zilikuwa safi kabisa. Tatizo ni kwamba ukurasa unaoutengeneza sio wanaoupokea. Katikati pana programu ya kutuma ujumbe, pana bando, pana kioo cha simu chenye ufa, pana herufi ambazo kompyuta ya mwenzako haina, na kila kimoja kati ya hivyo kina tabia ya dalali: hakipitishi mzigo bila kumega. Kutafuta ubovu ni kutafuta nani kamega, na kamega wapi. Nimeyaweka malalamiko kwa maneno ya walalamikaji wenyewe, kwa sababu hivyo ndivyo yatakavyokufikia. Hakuna shangazi atakayekupigia akuambie kwamba pikseli zimepungua.

"Haifunguki"

Neno hili ni kama "tumbo linauma": ndani yake mna magonjwa manne. Usibuni. Omba skrinishoti. Asiyejua kuipiga ampe simu mjukuu, au mtu apige picha kioo chake kwa simu nyingine. Niliwahi kukesha nikitengeneza albamu nzima upya kwa ajili ya shangazi, kumbe kilichokuwa kimekwisha ni bando.

Skrinishoti ikionyesha mshale wa kupakua au kiduara kinachozunguka, faili bado halijateremka. Angalia uzito wake. PDF yangu ya kuchapia ilikuwa na MB 180. WhatsApp yenyewe haina neno, maana tangu 2022 inapokea faili la hadi GB 2, lakini kwa ndugu anayenunua bando la siku, MB 180 ndiyo siku yenyewe. Nikazitoa kurasa zilezile upya kama JPG zenye upana wa pikseli 1080, nikaziunganisha tena kuwa PDF, zikawa MB 9. Kwenye simu huoni tofauti. Siku hizi kila albamu naitoa mara mbili, toleo la simu na toleo la kusafisha, yaani la kuchapa kwenye karatasi, na majina ya mafaili yanasema hivyo waziwazi. Toleo la pili haliingii kwenye grupu kabisa. (Sababu ya kusisitiza hili mtaiona mwishoni, nilipojichanganya mwenyewe.)

Kuna pia simu iliyojaa. Mpokeaji ana bando, ana mtandao, lakini video za asubuhi njema zimeshajaza kila kona, hakuna pa kuliweka faili. Na kuna ndugu anayefungua grupu mara moja kwa mwezi kama mkaguzi wa hesabu: faili halikai kwenye mitambo ya WhatsApp milele, na akichelewa sana ataambiwa amwombe mtumaji atume tena. Mtumie tena, basi, bila kulumbana.

Skrinishoti ikionyesha anaombwa ruhusa, huyo yuko kwenye Drive, na mwenye kosa ni wewe. Faili jipya la Drive huwa wazi kwa walioalikwa tu. Fungua sehemu ya kushiriki, ubadilishe iwe kwa yeyote mwenye kiungo, na haki yake iwe ya kutazama tu. Ubaya wa tatizo hili ni kwamba wewe mwenye faili hutaliona kamwe, maana kwako kiungo hufunguka kila mara. Kijaribu kwenye dirisha fiche la kivinjari, ambamo hujaingia kwenye akaunti yako. Kikigoma hapo, na Toronto kitagoma. Maombi ya ruhusa ya binamu yangu yalikuwa yamenisubiri kwenye barua pepe siku mbili, na barua pepe yangu huwa naifungua nikitafuta risiti.

Ikiwa kompyuta inasema haitambui aina ya faili, mara nyingi ni HEIC. Tangu iOS 11 ya 2017, iPhone huhifadhi picha kwa muundo huo ili kuokoa nafasi, na kompyuta nyingi za Windows haziufungui bila nyongeza. Hili hukupata zaidi wewe unapokusanya picha kuliko wao wanapopokea kurasa. Mwenye iPhone aingie kwenye mipangilio ya kamera, sehemu ya miundo, achague ule unaokubalika kwingi. Picha zitakazopigwa kuanzia hapo zitakuwa JPG; za zamani zibadilishwe.

La nne ndilo lililonichukua muda mrefu kuelewa, kwa sababu skrinishoti ilionyesha ukurasa umefunguka vizuri tu. Shangazi alikuwa anasema "haifunguki" akimaanisha "sisomi". Piga hesabu: karatasi ya A4 ina upana wa milimita 210. Kioo cha simu ya kawaida kina kama 68. Ukurasa wako unashuka hadi theluthi moja, na maandishi uliyoyaandika kwa ukubwa wa 12 yanamfikia yakiwa chini ya 4. Hizo si herufi tena, ni sisimizi. Na akikuza kwa vidole anaona neno moja moja, akishafika mwisho wa mstari amesahau mwanzo.

Dawa yake si kuongeza ukubwa wa herufi peke yake. Badili umbo la ukurasa. Toleo la simu lisimame wima kama simu, pikseli 1080 kwa 1920, picha mbili au tatu, sentensi moja au mbili. Ile hadithi ndefu ya jinsi gari lilivyopata pancha kwenye kona za kupandia Soni iandikie ukurasa wake yenyewe, au isimulie kwa sauti na kuituma kando. Halafu upime: shika simu yako kwa urefu wa mkono, bila miwani kama unavaa. Usichokisoma hapo, mtu wa miaka 74 hatakisoma.

"Mbona chenga?"

Swali la kujiuliza kwanza: je, hata kwangu ni chenga? Fungua ukurasa kwenye kompyuta yako, ukuze uso wenyewe hadi ukubwa kamili. Ukiwa safi kwako na chenga kwao, ubovu uko njiani. Ukiwa chenga hata kwako, uliuingiza mwenyewe wakati wa kutengeneza, na kutuma kwa njia nyingine yoyote hakutakusaidia.

Tuanze na wa njiani. Ukituma ukurasa kama picha ya kawaida, WhatsApp huubana hadi kama pikseli 1600 upande mrefu. Ukurasa wangu wa mraba, inchi 12 kwa 12, ulikuwa na pikseli 3600 kila upande. Kutoka 3600 hadi 1600 inaonekana kama umepoteza nusu. Kwa hesabu ya eneo umebaki na moja ya tano. Alama ya HD, iliyokuja 2023, inapunguza makali, lakini nayo inabana. Njia isiyobana ni kutuma kama hati: gusa alama ya kuambatisha, uache sehemu ya picha, uchague sehemu ya hati, ulitafute faili. Kwenye iPhone lihifadhi kwanza kwenye programu ya Files, kisha ulichukue huko.

Picha zikibanwa, nyuso huvumilia; maandishi ndiyo hufa kwanza. Na maandishi mekundu hufa kabla ya mengine. JPG huhifadhi mwanga na giza kwa uangalifu, ila rangi huigawa kwa vipande vikubwa zaidi, kwa kuwa jicho la binadamu halina ukali kwenye rangi. Kwa hiyo herufi nyembamba nyekundu juu ya kijani cha milima ya Usambara, ambayo ndiyo ilikuwa jalada langu na nilijivunia nayo, hugeuka uji wa kahawia. Weka herufi nyeupe nene juu ya giza, au nyeusi juu ya weupe, zitafika.

Sasa ubovu wa kuingiza mwenyewe. Ile picha ya bibi niliipata kwa mama mdogo, aliyeipata kwa mpwa wake, aliyeipiga skrinishoti kwenye stetasi ya mtu. Yaani ilishabanwa mara tatu kabla haijanifikia, nami nikaivuta ikajaa ukurasa. Hakuna programu inayorudisha kilichomegwa. Zile zinazodai kusafisha sura kwa akili mnemba hazirudishi uso, zinabuni uso, na nilipozijaribu bibi alitoka na ngozi ya plastiki na macho ya mtu mwingine. Bora picha ndogo iliyo safi katikati ya nafasi tupu. Au bora zaidi, fuata mnyororo hadi kwa aliyepiga, umwombe ile ya asili, kama hati.

Picha za zamani za karatasi zina mambo yake. Paspoti ya milimita 35 kwa 45 ukiiskani kwa nukta 300 kwa inchi unapata kama pikseli 413 kwa 531; hiyo inatosha kuichapa kwa ukubwa uleule wa paspoti, basi. Iskani kwa 1200, uipate kubwa mara nne kila upande, ndipo iweze kukaa kwenye ukurasa. Ukitumia simu badala ya skana, kaa karibu na dirisha, zima flashi, simama juu yake wima, na uzime taa ya dari, maana ile alama nyeupe kwenye paji la uso la babu ni balbu. Picha iliyogandia kwenye albamu zile za gundi zenye nailoni juu, usiing'oe kwa kucha. Pitisha uzi wa meno taratibu chini yake, kama anayekata ugali. Ikikataa, iache hapo hapo, ifunue nailoni tu, uipige ilivyo.

"Maandishi yamehama, na kuna viboksi"

Faili la PowerPoint au Word hubeba jina la herufi, si herufi zenyewe. Kompyuta ya mpokeaji isipokuwa na aina hiyo, inatafuta ya kufanana nayo, mistari inarefuka, na maelezo ya picha ya tatu yanaangukia kwenye picha ya nne. Ndivyo mchumba wa binamu alivyoandikwa "Mbuzi wa Idi". Toa PDF au JPG, usitume faili la kutengenezea. Ukiwa humo humo PowerPoint, ingia kwenye mipangilio yake uzime kubana picha, maana nayo hubana kimyakimya unapohifadhi.

Viboksi ni ugonjwa wetu hasa. Herufi nyingi za mapambo, zile za mikunjo ya harusi, hazikuundwa na alama ya ng'. Ukiandika "ng'ambo" au "ng'ombe" unapata kiboksi au nafasi tupu katikati ya neno. Kabla hujaipenda aina ya herufi, andika "ng'ambo" uone. Na kibodi ya simu iwekee Kiswahili; Gboard inacho. Yangu ilikuwa kwenye Kiingereza, ndiyo iliyoamua kwamba hakuna mji unaoitwa Mombo.

"Tumeagana kabla ya kufika"

Mjomba hakukosea. Kurasa nilizituma kwa mpangilio, na kwenye mazungumzo zilikuwa kwa mpangilio, ila yeye alizifungulia kwenye gala ya simu, ambayo hutanguliza kilichoingia mwisho. Ukurasa wa 22 ukawa wa kwanza. Huwezi kumwamrisha mtu mzima afungulie wapi, kwa hiyo andika namba kwenye ukurasa wenyewe, pembeni, ndogo: 7/22. Kwenye kompyuta kisa kinafanana lakini chanzo ni kingine: mafaili yanayoitwa ukurasa1, ukurasa2 hadi ukurasa22 hupangwa na programu nyingi kwa herufi, na 10 inakaa kabla ya 2. Anza na 01.

Mpangilio wa picha zenyewe ndani ya albamu una fitina zaidi. WhatsApp hufuta taarifa za siku na saa zilizofichwa ndani ya picha. Jina la faili kwenye Android, lile la IMG likifuatwa na tarehe na WA, ni la siku uliyopokea. Ndugu saba wakikutumia picha za Jumamosi siku ya Jumanne, safari yote imefanyika Jumanne. Picha zilizoskaniwa nazo hubeba tarehe ya kuskani, ndiyo maana harusi ya wazazi inakaa kati ya picha za Lushoto na risiti ya umeme. Hapo hakuna ujanja isipokuwa kuomba za asili, au kukaa chini na mtu aliyekuwepo na kutazama nguo, vivuli na ukungu. Pale Irente, kwenye ukingo wa kutazamia bonde, asubuhi tulipofika huwezi kuona bonde. Picha zote zenye bonde ni za baadaye. Nilipanga kurasa nne kwa kigezo hicho tu.

Binamu mmoja alikuja na kamera yake kutoka Muscat, na kamera, tofauti na simu, haijirekebishi saa. Oman wako mbele yetu kwa saa moja, kwa hiyo kila picha yake iliingia saa moja baada ya zetu, na tukaonekana tunanawa mikono ya chakula cha mchana baada ya kahawa. Tafuta tukio mlilolipiga wote kwa wakati mmoja, hesabu tofauti, kisha sogeza saa za picha zake zote kwa pamoja. Google Photos kwenye kompyuta hufanya hivyo.

Nikiwa kwenye saa: niliandika "Mombo, saa 5 asubuhi". Watoto wa Toronto, waliokulia kwenye saa za Kizungu, wakashangaa tumepigaje picha kwenye jua kali namna ile saa kumi na moja alfajiri. Kuandika 11:00 hakusaidii, maana bibi ataisoma saa kumi na moja jioni. Siku hizi siandiki saa. Naandika "kabla ya adhuhuri", "jua linazama", "baada ya futari". Kila mtu anaelewa.

Na "baba mdogo" kwenye maelezo ya picha, mdogo wa nani? Kila msomaji hulisoma neno hilo akiwa amesimama mahali pake. Weka jina, kisha mtoto wa nani.

"Mjomba ametoweka ukurasa wa 9"

Ulituma kiungo cha kuhariri badala ya cha kutazama. Kwenye Canva, programu ya kutengenezea kurasa mtandaoni, viko viwili na vinakaa jirani. Mtu alifungua, akataka kukuza kwa dole gumba, akamburuta mjomba nje ya ukurasa, na mabadiliko yakajihifadhi yenyewe. Hakuna aliyekusudia. Kabla ya kutuma, nakili muundo wote, uuache wa asili ambao hakuna mtu yeyote mwenye kiungo chake.

"Kiungo cha mwaka juzi kimekufa"

Google iliacha kutoa nafasi ya picha isiyo na kikomo tarehe 1 Juni 2021. Tangu hapo GB 15 za bure zinagawanywa kati ya Gmail, Drive na Photos. Zikijaa, huwezi kupandisha ukurasa mpya, na hata barua pepe zinaacha kuingia. Watu wengi huanza kufuta kwa haraka, na kufuta faili ni kufuta na kiungo ulichowapa ndugu wote.

Chanzo kingine ni kizito zaidi. Akaunti isiyotumika kwa miaka 2 Google inaweza kuifuta. Utekelezaji wake ulianza Desemba 2023. Kama albamu ilikaa kwenye akaunti ya mtu aliyefariki na hakuna aliyeiingia, siku zinahesabika. Mtunza albamu wa ukoo aingie kwenye mipangilio ya akaunti yake, sehemu ya akaunti isiyotumika, amtaje mtu wa kupewa yaliyomo. Inachukua dakika tano. Kwetu tuliwahi kuchelewa, kwenye picha za marehemu baba mkubwa, na zilizobaki ni zile zilizokuwa kwenye albamu ya gundi.

Grupu limenyamaza ghafla

Hili halina skrinishoti. Niliweka kurasa za harusi, kati yake ukurasa wa usiku wa wanawake: mabuibui yamevuliwa, nywele zimesukwa, taarabu imekolea. Picha nilipewa na dada yangu bila neno. Grupu lina watu sitini na kitu, wakwe wa kiume wamo. Dakika kumi baadaye likatokea lile tangazo dogo la kijivu, kwamba mama mkubwa ametoka.

Ukweli ni kwamba Pwani, kwenye sherehe ya kupamba bibi harusi, simu mara nyingi hukatazwa mlangoni, na mwenye kukataza ana sababu. WhatsApp inakuruhusu kufuta kwa wote ndani ya siku mbili na ushee, nami nilifuta ndani ya robo saa, lakini aliyekwisha kuihifadhi amekwisha. Nikampigia simu. Si ujumbe, simu. Siku hizi kurasa za namna hiyo zinatengenezwa na dada na kukaa kwa wanawake wenyewe, mimi sizioni, na hakuna kilichoharibika.

Ukimya mwingine una sababu nyepesi: mtu hayumo. Hesabu vichwa kabla ya kutuma. Shemeji aliyeendesha gari siku mbili na kuwapiga wengine picha hana picha hata moja, na hatasema.

Jambo la mwisho upande huu: picha ya asili iliyotumwa kama hati inakwenda na taarifa zake zote, pamoja na mahali ilipopigwa, hadi kwenye ramani. Ukurasa uliotolewa upya na programu kwa kawaida haubebi hayo. Kwa hiyo picha za watoto wakiwa shuleni au nyumbani ziende ndani ya ukurasa, zisiende mbichi.

"Kwenye karatasi rangi zimekufa"

Kioo kinatoa mwanga, karatasi haitoi. Bluu kali na kijani cha kung'aa vilivyo kwenye simu haviko kwenye wino wowote. Ongeza mwanga wa ukurasa kidogo kabla ya kusafisha, epuka mandhari meusi yanayokunywa wino na kuikunja karatasi, na safisha ukurasa mmoja kwanza, uutazame nje juani, ndipo uagize ishirini. Karatasi ya kawaida ya fotokopi hailingani na ya picha. Uliza bei ya zote mbili.

Steshenari wengi watakuambia "nitumie WhatsApp". Ukituma kama picha, unachapa ile moja ya tano iliyobaki baada ya kubanwa. Tuma kama hati, au peleka flashi. Flashi iwe na nakala tu, kwa sababu kompyuta za steshenari hupokea flashi za mtaa mzima, na yangu iliwahi kurudi kila folda imegeuka njia ya mkato isiyofunguka.

Bibi mwenyewe, aliye Lushoto, ana kitochi. Grupu, viungo, HD, vyote havimhusu. Kwake albamu ni karatasi inayopanda na basi. Nilimsafishia kurasa zote 22, nikapeleka bahasha stendi, na kesho yake jioni akapiga. Amezipenda. Ila kwenye ile aliyosimama Irente, na viatu vipya alivyoletewa Muscat, kwa nini tumemkata miguu?

Nilifungua faili nililopeleka. Lilikuwa toleo la simu. Ukurasa wa 1080 kwa 1920 ni mwembamba kuliko A4. Mashine ikiambiwa ijaze karatasi, inautanua hadi upana utoshe, na moja ya tano ya urefu inabaki nje, nusu juu na nusu chini. Juu palikuwa na mawingu. Chini palikuwa na viatu. A4 kwa nukta 300 ni pikseli 2480 kwa 3508. Ukitaka picha ifike ukingoni, iongeze milimita 3 kila upande za kukatwa, na miguu ya watu iwe mbali na ukingo. Nimeusafisha upya ukurasa huo mmoja. Unaondoka na basi la kesho asubuhi.